Saa ya Askari na Jina la Kuazima



Hapa Kampala neno Rolex lina maana mbili. Maana ya kwanza inajulikana na kila mtu aliyewahi kupita Wandegeya jioni akiwa na njaa. Ni chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai, nyanya na kitunguu, ikatiwa katika karatasi na kuliwa moto moto. Jina hilo limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa, nayo matamshi ya watu wetu yakayafupisha mpaka yakafanana na jina la saa mashuhuri ya Uswisi. Hakuna aliyedanganywa. Mwenye kuuza anajua kwamba anauza chapati, na mwenye kununua anajua kwamba ananunua chapati.

Maana ya pili iko juu ya meza ya kioo, katika vibanda vya pembezoni mwa vituo vya teksi na katika vichochoro vya kibiashara vya mji huu. Ni saa ya mkononi, nzito, inayong'aa, yenye nyuso ndogo tatu ndani ya uso mkubwa na vibonyezo viwili ubavuni. Juu yake limeandikwa jina kubwa la Uswisi, na bei yake ni sehemu ndogo mno ya bei ya saa yenye jina hilo kwa haki. Watu wa Kampala wana neno lao kwa kitu cha namna hiyo: kichupuli. Na katika mikono inayovaa saa hizo, mikono ya askari imo pia.

Mazungumzo yetu ya leo hayakusudii kumcheka askari aliyenunua saa ya namna hiyo. Mtu aliyelinda lindo usiku kucha, au aliyetumikia miezi mingi mbali na jamaa zake, ana haki ya kutaka kitu kizuri mkononi mwake. Yanakusudia kuuliza swali moja tu: je, saa inayosema uwongo juu ya jina lake yaweza kuaminiwa na askari inapomwambia wakati?

Ndugu wasikilizaji, hatuna budi kwanza kuielewa saa yenyewe. Saa hii yenye vibonyezo viwili huitwa kronografu. Jina hilo limetoka katika lugha ya Kiyunani, na maana yake ni mwandika wakati. Mwaka 1821 fundi mmoja wa Ufaransa, Nicolas Rieussec, alitengeneza chombo cha kupima muda wa farasi katika mashindano ya mbio mjini Paris. Chombo hicho kiliangusha tone la wino juu ya uso wake kila farasi alipovuka mstari, ndiyo maana kikasemwa kuwa kinaandika wakati. Wino umekwisha kuachwa zamani, lakini kazi ni ile ile. Saa ya kawaida humwambia mtu sasa ni saa ngapi. Kronografu humwambia hayo, na zaidi ya hayo humwambia jambo fulani limechukua muda gani.

Faida yake kwa askari si ndogo. Ukiona mmweko wa mzinga upande wa pili wa bonde, bonyeza. Ukisikia mshindo, bonyeza tena. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja. Ikiwa sekunde sita zimepita, mzinga uko umbali wa kilomita mbili hivi. Askari wa usalama barabarani naye ana hesabu yake. Saa nyingi za namna hii zina tarakimu zilizochorwa kuzunguka ukingo wake, na tarakimu hizo si pambo. Gari likimaliza kilomita moja kwa sekunde 60, mshale huonyesha 60. Likiimaliza kwa sekunde 36, mshale huonyesha 100. Likiimaliza kwa sekunde 30, mshale huonyesha 120. Huo ndio mwendo wa gari kwa saa.

Sasa tutazame kosa dogo linaweza kuzaa nini. Kosa la sekunde mbili katika kuusikiliza mzinga ni kosa la mita 680. Kosa la sekunde mbili katika kulipima gari lililokwenda kwa kilomita 100 kwa saa linaweza kumpa dereva karibu kilomita 106. Katika kazi ya dukani sekunde mbili si kitu. Katika kazi ya askari sekunde mbili ni kijiji kizima, au ni haki ya raia mmoja.

Historia yenyewe inathibitisha kwamba saa ya mkononi na askari ni ndugu wa siku nyingi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume wengi wa Ulaya walitia saa zao mfukoni, na saa ya mkononi ilihesabiwa na wengi kuwa pambo la wanawake. Ni mahandaki ya vita hivyo yaliyobadili mambo. Mizinga ilipangiwa dakika ya kunyamaza na askari wa miguu wakapangiwa dakika ya kutoka. Tarehe 1 Julai 1916, katika vita vya Somme nchini Ufaransa, filimbi za maofisa zililia saa moja na nusu asubuhi, na maelfu ya watu wakapanda kutoka katika mahandaki kwa dakika ile ile. Ofisa mwenye bunduki mkononi hawezi kupekua mfuko akitafuta saa. Hivyo saa ikahamia mkononi, nayo haikurudi tena mfukoni.

Lugha yetu ya Kiswahili ina hekima katika jambo hili. Chombo tunakiita saa. Muda wa dakika sitini tunauita saa. Na wakati wenyewe uliokusudiwa nao tunauita saa, tukisema kwamba saa imefika. Chombo na wakati vimepewa jina moja, kana kwamba wazee waliotuachia lugha hii walitaka kutuonya kwamba mwenye kughushi chombo ameugusa na wakati wenyewe.

Ndugu wasikilizaji, saa za kuiga si za namna moja, na mwenye kuimiliki moja yafaa ajue amemiliki ipi. Namna ya kwanza ni ile ya bei ndogo kabisa. Ndani yake mna mashine ndogo ya betri, na zile nyuso ndogo tatu ama zimechorwa tu, ama zinaonyesha siku na tarehe huku zikijifanya kupima muda. Ukikibonyeza kibonyezo cha juu, mshale mrefu haufanyi kazi uliyoitarajia. Namna ya pili ina betri pia, lakini kipima-muda chake kinafanya kazi kwa kweli. Namna ya tatu ndiyo inayowadanganya hata wajuzi. Haina betri. Ina springi na magurudumu yenye meno, na hujijaza nguvu kwa mwendo wa mkono.

Hiyo ya tatu inastahili maelezo. Mapema katika miaka ya 1970 Waswisi walitoa mashine ya kronografu iitwayo Valjoux 7750, mashine imara ambayo baadaye iliigwa na viwanda vya China. Katika umbo lake la asili nyuso zake ndogo hukaa upande wa saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili, kwa kuhesabu tarakimu za usoni. Lakini saa mashuhuri ambayo waigaji huipenda sana, Rolex Daytona, ina nyuso zake upande wa tatu, wa sita na wa tisa. Mwigaji afanye nini? Huongeza magurudumu ili kuuhamisha mshale mdogo wa sekunde mpaka uonekane mahali panapofanana. Magurudumu hayo hayakuwamo katika hesabu ya waliobuni mashine. Yanaongeza msuguano, yanakula nguvu ya springi, na ndiyo sehemu inayojulikana na mafundi kuwa huharibika mapema. Kwa maneno mengine, saa hiyo imedhoofishwa ili ipate kufanana. Kazi imetolewa sadaka kwa ajili ya sura.

Pasiwe na msikilizaji atakayedhani kwamba tunawatukana mafundi wa China. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha saa cha Tianjin kilipewa kazi ya kuwatengenezea marubani wa jeshi la anga la nchi hiyo saa ya kronografu. Mitambo na ujuzi wa kuanzia vilinunuliwa Uswisi kwa njia ya halali, mafundi wakajifunza, na mashine iliyotokana na kazi hiyo ingali inaundwa leo. Huko ni kujifunza. Kujifunza kwa mwenzako na kuandika jina lako mwenyewe ni heshima. Kuandika jina la mwenzako ni wizi. Ukiona vyaelea, vimeundwa, nao waliounda wana haki ya jina lao.

Basi, askari ambaye tayari anayo saa ya kuiga aitunze vipi? Tunasema aitunze kwa kadiri ya ukweli wake, siyo kwa kadiri ya jina lake. Uso wake waweza kudai kwamba inahimili maji ya kina kirefu. Usiuamini. Uwezo wa kuzuia maji hutokana na mipira midogo iliyowekwa katika mfuniko na vibonyezo, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba mipira hiyo ilipimwa. Ivue kabla ya kuoga, kabla ya kuvuka mto, na kabla ya doria ya ziwani. Mvua ikiisha, ipanguse kwa kitambaa kikavu. Usikibonyeze kibonyezo chochote wakati saa imelowa, kwa maana hapo utakuwa umeyafungulia maji mlango.

Kuhusu vibonyezo vyenyewe, cha juu ni cha kuanzisha na kusimamisha, cha chini ni cha kurudisha mshale mwanzo. Usirudishe mshale mwanzo kabla ya kuusimamisha. Ikiwa saa ina tarehe, usiibadilishe tarehe kwa haraka kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, maana katika muda huo magurudumu ya tarehe huwa yameshikana, na kuyalazimisha huweza kuvunja meno yake. Zungusha mishale mbele mpaka uone tarehe imebadilika, ujue hapo ni saa sita ya usiku, kisha endelea mpaka ipite saa kumi na mbili ya asubuhi, ndipo uirekebishe. Usiilaze saa juu ya spika ya redio, kwa sababu sumaku huiharibia mwendo. Na ikiwa ni ya betri, betri iliyokufa isiachwe ndani, kwani huvuja na kuila mashine.

Ukiipeleka kwa fundi, mwambie kweli tangu mwanzo. Sema, hii ni ya kuiga. Fundi mwaminifu atakujibu kwa kweli vilevile: kwamba vipuri vya saa halisi huenda visiingie humo, na kwamba gharama ya kuifungua, kuisafisha na kuitia mafuta yaweza kuzidi bei uliyoinunulia. Saa halisi ya springi huhitaji huduma kama hiyo kila baada ya miaka mitano hivi. Saa ya kuiga mara nyingi hutupwa ikiharibika. Hapo ndipo unapoona kwamba bei ndogo ya siku ya kwanza haikuwa bei yote.

Ndugu wasikilizaji, hayo ni madhara ya chombo. Yako madhara ya utu, nayo ni makubwa zaidi. Tuchukue mfano wa kufikiri tu. Koplo mmoja amerudi nyumbani kutoka katika ulinzi wa amani katika nchi ya kigeni. Ananunua saa yenye jina kubwa, naye kwa dhati anaamini kwamba amepata bahati. Baada ya miezi mitatu karo ya watoto inadaiwa. Anamwendea sajini rafiki yake, anamwomba mkopo, na kwa uaminifu anamwachia saa kuwa rehani. Sajini naye anatoa akiba yake, kwa kuwa ameona jina. Muda wa kulipa unapita, sajini anaipeleka saa mjini, fundi anaifungua kwa dakika moja, na ndani mna mashine ya betri isiyo na thamani ya chakula cha siku mbili.

Koplo hakukusudia kudanganya. Lakini ni nani atakayemwaminisha sajini? Watu hawa wawili walikuwa wakilala katika handaki moja, mmoja akifumba macho kwa kuwa mwenzake yu macho. Kuanzia siku hiyo kila mmoja atalala nusu usingizi. Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Hapa njia imekuwa fupi hata kwa yule aliyebeba uwongo bila kuujua.

Kwa ndugu zetu wa polisi jambo hili lina uzito mwingine. Sheria ya Alama za Biashara ya Uganda ya mwaka 2010 inafanya kuwa kosa kughushi alama ya biashara ya mwingine na kuuza bidhaa zenye alama ya kughushi. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu nalo ni kosa katika sheria zetu za jinai. Maana yake ni kwamba yule anayeivaa saa yake leo, na kesho akamwuzia jirani akisema kwamba ni halisi, amevuka mpaka. Yeye mwenyewe amekuwa mfanyabiashara wa udanganyifu. Tena, konstebo atasimamaje mbele ya kibanda kukamata dawa bandia au vipuri bandia vya breki, vitu vinavyoua watu, huku mwenye kibanda akiutazama mkono wake na kutabasamu? Mamlaka ya askari hayamo katika pingu peke yake. Yamo katika kutokuwa na la kujibu.

Nasi Kampala tuna sababu yetu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Wazee wa mji huu hawajasahau miaka ile baada ya vita vya mwaka 1979, na miaka iliyofuata hadi mwaka 1986, ambapo raia aliyekaribia kizuizi cha barabarani aliivua saa yake kwanza na kuificha. Alijua kwamba mtu mwenye bunduki angeweza kuitaka. Katika miaka hiyo saa mkononi mwa askari iliwafanya watu waulize, ni ya nani? Kanuni za mwenendo za National Resistance Army, zilizopewa nguvu ya sheria mwaka 1986, zilikataza waziwazi kuchukua mali ya raia, na katazo hilo halikuandikwa bure. Liliandikwa kwa sababu ya saa, redio, baiskeli na kuku waliokwisha kuchukuliwa.

Hivyo raia mwenye umri mkubwa akikiona chuma cha dhahabu kinang'aa mkononi mwa askari kijana, hajui kwamba kimenunuliwa kwa bei ndogo kichochoroni. Anaona jina. Anahesabu mshahara wa askari, anahesabu bei ya jina lile, na hesabu haikubali. Atafikiri ama ni rushwa, ama ni kizuizi cha barabarani kimerudi. Askari aliyenunua saa ile ili aheshimiwe amejinunulia shaka. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na jina la kuazima halimpi mtu heshima.

Je, askari mwenye kipato cha kawaida asivae kronografu? Avae. Mwaka 1973 William Pogue, ofisa wa jeshi la anga la Marekani, alipaa kwenda katika kituo cha angani cha Skylab. Mbali na saa aliyopewa na serikali yake, alichukua kimya kimya kronografu yake mwenyewe, Seiko ya Kijapani, aliyoinunua katika duka la kambi ya jeshi kwa bei ambayo mtumishi aliweza kuimudu. Alikwisha kuizoea katika mazoezi. Saa hiyo ilikaa naye angani kwa siku 84. Haikuwa na jina kubwa kuliko yote, bali jina ililokuwa nalo lilikuwa lake.

Hilo ndilo shauri letu. Fedha ile ile inayotolewa kwa saa ya kuiga ya daraja la juu yaweza kununua saa ya kawaida iliyo halisi, yenye jina la kiasi, mashine inayojulikana na fundi anayeijua. Ukinunua, nunua dukani, ukapewe risiti yenye jina la muuzaji. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Saa inayokukimbilia dirishani mwa teksi ina sababu ya kukimbia. Na ukiwa tayari unayo ya kuiga, wala si lazima uitupe. Ivae siku ya mapumziko, iite kwa jina lake la kweli, usiiweke rehani, usiiuze kwa jina lisilo lake, na usiipeleke kazini mahali ambapo dakika ni uhai wa mwenzako.

Ndugu wasikilizaji, kabla ya operesheni yoyote kiongozi huwaita watu wake, na wote hulinganisha saa zao. Ni tendo dogo, halichukui hata dakika moja. Lakini kwa tendo hilo kila mmoja huwa amemwambia mwenzake: wakati wangu ni wakati wako, nitakuwapo pale nilipoahidi kuwapo. Ahadi hiyo hutolewa juu ya saa. Yafaa basi iwe saa inayosema kweli, mkononi mwa mtu asemaye kweli.